Nimehifadhi Yote

Kasongo, Jumatatu 12 Februari 2024

Yaya Hawa,

Amani ikukute weye, dada yangu mukubwa, na wote wa nyumbani. Hapa tuko wazima, isipokuwa miye sina raha, na sababu utaisoma.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mnara wa simu huko Wamaza umekufa tangu Desemba. Na hata ungekuwa muzima, haya nisingeyasema kwa simu. Weye unapanda kilima kutafuta mawasiliano, watu kumi wako pembeni wanasikiliza. Barua anakuletea Amisi, yule motari wa pikipiki. Nimeifunga kwa gundi. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Unajua kwamba Moustapha amefika kwa chefu wa kijiji. Anadai kilima chote cha marehemu Baba kilikuwa cha baba yake, marehemu Muzee Selemani. Baraza litakaa tarehe sita ya mwezi wa tano, na sisi karatasi hatuna. Tuko na kitu kimoja tu, sauti ya Baba. Mwaka ule kabla hajafariki nilizunguka naye mupaka wote wa kilima, miye na simu yangu, yeye na fimbo yake. Viko vipande ishirini na tatu. Anataja kila kijito, kila kaburi, nani alimupa nani. Karibu yote alisema kwa Kibangubangu, na miye niliyelelewa Kasongo kwa mama yangu, nusu naipata, nusu inanipita.

Sauti hizo nilizitoa kwenye simu, sasa ziko ndani ya mashine, kompyuta ya duka langu la fotokopi. Wiki iliyopita niliwaza, mashine ikifa tutaingia barazani mikono mitupu. Basi nimeweka diski ya pili. Ya kwanza iko ndani ya mashine, ya pili iko inje, nimeiunganisha kwa waya. Kila Ijumaa saa sita, nikienda kusali, mashine yenyewe inazilinganisha. Iliniuliza kama nataka iongeze tu vitu vipya, ama hizo mbili zifanane kabisa. Nimechagua zifanane kabisa. Ndiyo salama zaidi.

Lakini zote mbili ziko nyumba moja, na nyumba inaweza kuungua. Kwa hiyo nakutumia kadi ya simu yenye vipande vyote, na kikaratasi cha majina ya vijito kama nilivyoyasikia. Visikilize, uvihifadhi vyote, kusipotee hata neno moja. Sisi wa mashine tunaita sauvegarde, lakini weye hupendi Kifaransa changu, basi nasema kuhifadhi. Ukimaliza unirudishie kadi. Niko na hiyo moja tu, na baada ya Ramazani ndoa za kupiga picha ni nyingi.

Neno la mwisho, usikasirike. Watu wanasema weye na Faida, muke wa Moustapha, munalima pamoja na kula sahani moja. Kadi isifike mukononi mwake.

Mudogo wako,
Zakaria


Wamaza, 19 Februari 2024

Zakaria,

Barua imefika, gundi nzima. Amisi alikuwa amelowa mpaka kichwani, nikamupa wali akala.

Umesema nisikasirike. Nimekasirika. Siku arobaini za Baba, Faida alikaa hapa, akachota maji, akapika, akafagia. Weye ulirudi Kasongo siku ya tatu kwa sababu ya fotokopi zako. Kama kula naye sahani moja ni kosa, basi nitaendelea kukosa.

Sasa na miye niulize. Ulizunguka na Baba siku mbili, na miye nilikuwa shambani kwa karanga, mwendo wa nusu saa. Mbona hukuniita? Mutoto wa kwanza wa Baba ni nani? Anafariki, mwaka unapita, ndipo nasikia sauti yake iko ndani ya mashine yako. Nimefungua kadi, vipande vyote vimeandikwa "Zakaria 1", "Zakaria 2", mpaka ishirini na tatu. Anayesema ni Baba, lakini jina ni lako. Nasikia pia kuna mutu wa Kindu anatafuta vilima vya kupanda michikichi, na ameonekana amekaa kwenye duka lako. Labda alikuja kwa fotokopi.

Na hiyo diski ya pili sijaielewa. Mutu mwenye neno la kweli, analitaka mara mbili ya nini?

Lakini umesema nihifadhi, nitahifadhi. Itachukua muda. Jana nilianza kusikiliza cha kwanza, nikalia, nikakizima. Leo nimekiwasha tena.

Hawa binti Lukumani


Kasongo, Alhamisi 14 Machi 2024

Yaya,

Mwezi mmoja sasa. Niliomba kitu kidogo. Kuhifadhi ni kazi ya dakika tano, na weye unamaliza wiki nne bila kunirudishia kadi.

Mutu wa Kindu alikuja kwa fotokopi. Nakuapia.

Amisi ameniletea habari ambazo sijui nizielewe vipi. Anasema umeonekana unatembea shambani na vitu vya kusikilizia masikioni, unasema peke yako. Watu wanauliza kama weye ni mugonjwa. Na anasema mara mbili amemuona Faida anatembea nyuma yako, simu yako iko mukononi mwake. Simu yenye kadi. Yaya, nilikuandikia jambo moja tu kuhusu kadi hiyo, na ndilo hilo ulilolifanya.

Niambie wazi: umeviweka wapi? Kwenye mashine ya nani? Nani mwingine iko navyo?

Saumu njema kwenu nyote.

Zakaria


Wamaza, 2 Aprili 2024

Zakaria,

Nimehifadhi yote. Kadi hii hapa, nimeifunga ndani ya kitambaa.

Dakika tano, unasema. Mutu aliyeruka dirisha la chuo cha Mwalimu Ramazani kwa sababu ya sura moja fupi, leo anazungumza habari ya dakika tano.

Faida alishika simu kwa sababu mutu hawezi kujisikiliza mwenyewe. Kama humuamini, hiyo ni ya kwako. Lakini kipande cha kumi na saba sikumupa. Hicho nilibaki nacho peke yangu.

Majina mawili ya vijito uliyaandika vibaya, nimeyasahihisha. Kikohozi cha Baba, kwenye hicho cha kumi na saba, nimekiacha.

Na weye, hicho cha kumi na saba ulikisikiliza vizuri? Nangoja uniambie mwenyewe.

Hawa


Kasongo, Alhamisi 11 Aprili 2024

Yaya,

Idi njema. Jana tulikula vizuri, lakini barua yako ilinikaa kooni.

Nani alikutuma usahihishe? Nani alikutuma uondoe kikohozi? Sauti ya marehemu haikatwi. Chefu akijua kwamba tumekata kikohozi, atauliza na kingine tulichokata, na Moustapha atacheka. Unanipa habari za Mwalimu Ramazani, mambo ya utoto, ili nisahau kuuliza. Nauliza tena. Huko Wamaza mashine iko moja tu, ya kituo cha afya, na Amisi aliuliza pale: hakuna aliyekuona. Basi umehifadhi wapi? Na cha kumi na saba kina nini, mpaka ukifanye kwa siri?

Bahati nzuri vya kwangu havijaguswa. Kadi yako nimekwisha kuifuta, nimepigia picha ndoa ya jana. Sinema za hiyo ndoa ni nzito, zimejaza mashine. Kwa hiyo asubuhi hii nimeondoa vipande vya Baba kwenye diski ya kwanza ili nipate nafasi. Viko salama kwenye ya pili, na ya pili haiguswi na mutu ila miye.

Nasikitika kukuandikia hivi. Weye ni yaya yangu, mama zetu tofauti lakini baba mumoja. Ila sasa nakuogopa kidogo, na nimeona afadhali nikuambie.

Zakaria


Kasongo, Jumatatu 15 Aprili 2024

Hawa,

Vimepotea. Vyote.

Jumamosi nilifungua diski ya pili nisikilize hicho cha kumi na saba. Nimekuta ndoa tu. Hakuna Baba, hata kipande kimoja. Nimetafuta siku mbili, sili.

Sasa sikiliza. Ijumaa, kabla sijaenda kusali, nani ameingia dukani? Faida. Ametoka Wamaza mpaka Kasongo na karatasi za mutoto wake wa shule, eti za fotokopi. Nilimwacha na muke wangu Soraya, nikaenda musikitini. Kurudi, ameondoka, na diski imefagiwa. Soraya anasema Faida hakugusa chochote, lakini Soraya alikuwa anahesabu karatasi, hakuwa anamuangalia.

Ni weye tu uliyejua kwamba iko diski ya pili. Nilikuandikia weye, si mwingine. Ulimwambia nani?

Sitaki kugombana. Nataka kimoja tu: nipe vya kwako. Hata kama umekata kikohozi, hata kama umesahihisha, nipe vilivyo. Baraza ni wiki tatu. Mupe Amisi aje navyo mara moja.

Zakaria


Wamaza, 20 Aprili 2024

Zakaria,

Nilisoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini.

Nimupe Amisi nini? Nimukatie kichwa changu akifunge kwenye pikipiki?

Uliniandikia nihifadhi. Hilo neno miye na weye tulilisikia kwa mutu mumoja, Mwalimu Ramazani, kwenye mukeka mumoja, likizo ulizokuja kwa Baba. Kuhifadhi ni kuweka moyoni, neno kwa neno, mpaka ukiamshwa usingizini unaendelea pale ulipoachia. Ndivyo nilivyofanya. Wiki sita, wakati wa palizi, na nusu yake nimefunga. Faida alikuwa anashika simu na kunifuata, nikikosea ananisimamisha, kama tulivyokuwa tunasikilizwa darasani. Unaniuliza nimeviweka kwenye mashine ya nani. Kumbe miezi yote hii tulikuwa tunasema vitu viwili.

Na kikohozi sikukikata. Nilisema nimekiacha, yaani nimekiacha pale pale kilipo.

Sasa na miye niseme ninachowaza, kwa sababu weye umesema cha kwako bila haya. Diski mbili haziwezi kuibiwa na mwanamuke aliyekuja na karatasi za shule, mbele ya muke wako, kwa muda wa sala moja. Nafikiri umefuta weye. Nafikiri umefuta kwa sababu ya cha kumi na saba. Unajua kilichomo. Nilikungoja miezi miwili uniambie, hukuniambia. Badala yake sauti imepotea, na kosa ni la Faida.

Moyo unaniuma kuandika hivi. Lakini ndivyo ninavyowaza.

Hawa


Kasongo, 25 Aprili 2024

Yaya Hawa,

Uko sawa. Nimefuta miye.

Si kwa kukusudia. Nilimuita Glody, yule anayetengeneza mashine karibu na soko, nikamueleza yote. Hakumaliza kusikiliza. Aliniuliza, "Siku ya kwanza ulichagua iongeze tu, ama zifanane kabisa?" Nikajibu zifanane. Akanitazama kwa huruma. Alhamisi nimeondoa Baba kwenye ya kwanza. Ijumaa saa sita, miye niko musikitini, mashine imelinganisha, ikaona ya kwanza haina Baba na ya pili bado iko naye. Nilikuwa nimeiamuru zifanane. Basi ikazifanya zifanane. Nilikuandikia kwa kiburi kwamba ndiyo salama zaidi, na weye uliniuliza mbili za nini. Glody amejaribu siku mbili kuvirudisha. Ameshindwa, sinema za ndoa zimelala mahali pa Baba.

Nimemutafuta Faida nimuombe radhi, nimeambiwa amekwisha kurudi Wamaza. Nifikishie. Mwambie nimeona haya.

Lakini kuhusu cha kumi na saba, hapo unanikosea. Wallahi sijui kilichomo. Nilikuwa pale, nilishika simu, na sikuelewa. Nilitaka kukusikia weye ukitafsiri, ndiyo sababu nyingine nilikutumia kadi, ila niliona haya kuandika hivyo.

Sasa daraja la miti la kuja kwenu limechukuliwa na maji, hata pikipiki zinarudi. Amisi amesema atavuka kwa miguu na barua hii. Miye na mguu wangu huu mubovu sitafika tarehe sita. Utasimama peke yako. Sijui kama chefu atakubali maneno ya kichwani mwa mwanamuke mbele ya Moustapha. Naogopa sana, Yaya. Kile kilima ndicho kitu pekee kilichobaki cha Baba.

Zakaria


Wamaza, 8 Mei 2024

Zakaria,

Keti kabla hujasoma.

Moustapha alikuja na simu. Ndani yake iko sauti ya Muzee Selemani inasema kilima chote ni chake. Sauti inafanana naye kabisa. Chefu alisikiliza, halafu akaomba simu zote ziwekwe ndani ya kikapu. Alisema siku hizi simu inaweza kusemeshwa chochote na mutu yeyote. Aliuliza swali moja tu: "Nani anaweza kuutembea mupaka?"

Moustapha alianza. Kwenye kijito cha tatu akageuka kushoto, na Mama Véronique, aliyezaliwa pale na hana upande, akatikisa kichwa. Halafu ikawa zamu yangu.

Nilianza na cha kwanza. Nilifunga macho, na Baba akatoka kinywani mwangu. Nilitembea mbele, chefu nyuma, wazee nyuma yake. Kila jiwe lilikuwa mahali aliposema, kila kaburi, na vijito vile viwili kwa majina yao ya kweli. Mama Véronique alikuwa analia njia nzima.

Tukafika juu ya bonde, lile la mupunga. Cha kumi na saba.

Sasa nikuambie kilichomo, kwa kuwa unaapa hujui. Baba anasema bonde lile si letu. Anasema Selemani alimuazima mwaka tuliotoka kukimbia vita, tukiwa na njaa, alime mpaka watoto wakue. Watoto wamekua, na yeye hakurudisha. Anasema, "Nimekula mupunga wa mutu miaka ishirini, na kila mwaka nilisema mwaka kesho. Murudishe kabla hamujagawana."

Ningeweza kuruka. Hakuna aliyejua, hata Faida, na sauti yenyewe umeifuta. Nilisimama pale juu nikafikiria kuruka, nikuambie ukweli. Lakini nilipofika neno la mupunga sikuweza kuendelea mpaka nikohoe. Nikakohoa mara tatu, vile vile kama yeye. Halafu nikangoja, maana pale kuna maji yanamiminwa. Halafu nikaendelea mpaka mwisho. Mwisho wake unaujua. Baba anauliza, "Umesikia?" Na sauti yako inajibu, "Nimesikia, Baba."

Hiyo ndiyo sababu nilikushuku, Zakaria. Ulijibu umesikia.

Chefu ameamua kilima ni chetu, bonde ni la Moustapha. Moustapha alikaa chini kwenye nyasi. Jioni Faida aliniletea kikapu cha mupunga wa bonde lile lile, tukala.

Labda utasema nimebuni. Hakuna mashine ya kukuonyesha. Umebaki na neno langu tu.

Hawa


Kasongo, 14 Mei 2024

Yaya Hawa,

Nilisoma nimekaa, kama ulivyosema.

Sitakudanganya. Kufika kwenye bonde, wazo la kwanza lililoniingia lilikuwa kwamba umelitoa zawadi kwa rafiki yako, na Baba hana kinywa cha kukukanusha. Niliiweka barua chini. Nilitoka, nikazunguka soko, nikarudi na hasira yangu nzima. Halafu nikaendelea kusoma, nikakuta maji.

Maji yale nilimimina miye. Hakuna mutu mwingine aliyekuwa pale, na sijawahi kumusimulia mutu, hata Soraya. Alikohoa mara tatu, nikadhani ni vumbi. Nikamumiminia kutoka kwenye chupa, kwenye kile kikombe chake cha bati. Alikunywa. Akasema maneno yale marefu akiangalia chini bondeni. Halafu akanigeukia, akanikazia macho, akaniuliza kama nimesikia.

Yaya, neno hilo moja nilikuwa nalijua. Jua lilikuwa kali, simu ilikuwa inakaribia kuzima, na niliona haya kumwambia baba yangu kwamba lugha ya mama yake inanipita. Nikajibu nimesikia. Alishusha pumzi kama mutu aliyetua muzigo. Alirudi nyumbani ule muchana anatembea haraka kuliko miye, nikafurahi, nikadhani amepona kidogo.

Kumbe alidhani ameniachia.

Nakuamini. Moustapha alime bonde lake. Nitamuandikia mwenyewe.

Watu wa daraja wanasema wiki mbili. Nitakuja, na Soraya atashika duka. Glody alitaka nibebe mashine na diski zote mbili, ili useme na tuhifadhi kwa namna yangu. Hiyo tutafanya baadaye, na safari hii nitachagua iongeze tu. Kwanza nitakaa kwenye mukeka, na weye unifundishe kwa namna yako. Faida ashike fimbo kama anataka.

Lakini nakuomba tusianze na cha kwanza. Tuanze na cha kumi na saba, mpaka pale anapouliza. Nataka nimujibu tena.

Mudogo wako,
Zakaria